Kulenga Kitu Kisichotembea

Watoto ninaowafundisha kupiga upinde kila Jumamosi hapa Kasongo, kwenye uwanja ulio nyuma ya shule, wanaamini kwamba nilizaliwa na shabaha. Siwakatazi. Mwalimu naye anahitaji sifa kidogo ya kumfanya aamke mapema. Lakini kuna siku ninapoona mtoto amekosa kiroba cha kulengea mara tatu na midomo imeanza kumcheza, ninamkalisha pembeni na kumweleza habari za mji mdogo wa Wamaza, siku ambayo wapiga upinde kumi na wawili, watu wazima na vijana waliojiita simba na chui, walishindwa kupiga mfuko wa nyasi uliokuwa umesimama tu, hauendi popote wala hauna haraka. Mtoto huanza kucheka kabla sijafika katikati. Nami hucheka, na mara nyingi somo la siku hiyo huishia hapo.

Mimi sikuanza na kiroba, nilianza na mgomba.

Babu yangu, mzaa mama, alikaa kijijini, upande wa barabara iendayo Kabambare. Kutoka Kasongo ni mwendo wa saa tatu kwa miguu kama uko peke yako, na saa tano kama uko na mama yangu, kwa sababu mama alimsalimia kila mtu, akauliza habari za kila mgonjwa, na akionjeshwa sombe, mboga ya majani ya mihogo, ilikuwa lazima aisifu mpaka apewe tena. Kila likizo, na Jumapili nyingi zisizo za likizo, tulikuwa kule. Na Jumapili kule maana yake ilikuwa moja: ibada ikiisha, watu hawaendi nyumbani. Wanaangusha mgomba uliokwisha kuzaa, wanakata shina vipande vya duara, unene wa kiganja, na mchezo unaanza.

Mtu mmoja anapanda na kipande kile mpaka kwenye kapela, kanisa letu dogo juu ya kilima, anakisimamisha kwa ubavu wake na kukibingirisha kuteremka. Sisi tulikiita gurudumu. Linakuja likirukaruka juu ya mizizi, linapita mbele ya mpigaji kutoka kushoto kwenda kulia, na lisipopigwa linaishia kwenye kijito, ambako watoto wadogo wanaliokota wakiwa wamelowa mpaka masikioni. Mpigaji ana mshale mmoja tu. Mwisho wa mzunguko, waliokosa wanawapa mishale yao waliopiga. Nimewahi kurudi nyumbani na mishale tisa kwenye kikwembe nilichojifunga, nikitembea kama mke wa chifu. Nimewahi pia kurudi mikono mitupu, nikimchukia kila mtu aliyeniambia pole.

Kanuni ilikuwa moja, na hakuna aliyeiandika mahali popote. Ukimaliza kupiga, wewe ndiye unayepanda kilimani kumbingirishia anayekufuata. Yaani mshindani wako ndiye anayekupa shabaha. Kukosa haikuwa aibu. Mbona hata babu alikosa. Aibu ilikuwa kubingirisha vibaya, kulitupa gurudumu likaanguka ubavu njiani ili mwenzako apoteze mshale. Kulikuwa na mzee mmoja aliyefanya hivyo katika ujana wake, mara moja tu. Sasa alikuwa tayari ana wajukuu, na bado wanawake wakitwanga mpunga walimwimba kwa jina, beti tatu, naye akipita hapo hapo na jembe lake begani.

Upinde wa babu ulikuwa mrefu kuliko mimi. Mti wake ulikuwa mweusi, umeng'aa kwa mafuta ya mikono yake, na mahali pa kushika palikuwa pamefungwa ngozi ya kenge. Kamba yake ya zamani ilikuwa imekatika miaka mingi, kwa hiyo babu aliisokota nyingine kwa nyuzi za nyavu alizonunua kwa wavuvi wa Nyangwe. Aliivutavuta kwa kidole ikalia, akatabasamu. Mara ya kwanza aliponiruhusu kuuvuta nilikuwa na umri wa miaka kumi na mbili, na ile kamba ilipoachia ilinichapa mkono wa kushoto kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifundo. Nililia kwa sauti ambayo kondoo waliikimbia. Nyanya alikuja na mafuta ya mawese ya kunipaka, huku akimgombeza babu kwa Kizimba, lugha aliyoitunza kwa ajili ya sala na hasira.

Babu hakujali. Alizoea kuniita bibi yake, na kwetu bibi ni mke, kwa hiyo nyanya alikuwa mke mwenzangu na tulipaswa kuoneana wivu. Nyanya aliutimiza wajibu huo vizuri sana. Akipika kuku, paja langu lilikuwa daima dogo kuliko la mtoto mwingine yeyote, na akiulizwa alisema hawezi kumnenepesha anayemnyang'anya mume. Kisha nikilala alinisogezea shuka yake.

"Bibi yangu," babu aliniambia siku ile ya mkono kuvimba, "ile gurudumu haikungoji. Usilenge pale iko. Lenga pale inaenda."

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yote. Mwaka mzima hakuongeza neno. Nikikosa, alinyoosha kidole kulia, mbele ya gurudumu, na mimi nilijua. Polepole mkono wangu ukajifunza kutangulia peke yake. Niliona gurudumu linatoka kapela, na kabla sijafikiri lolote mshale ulikuwa umekwenda kukutana nalo njiani, chubwi, ndani ya nyama laini ya mgomba. Sijapata utamu mwingine wa aina ile. Nimeolewa, nimezaa, nimekula wali wa sikukuu, lakini ile chubwi, wacha tu.

Mshindani wangu mkubwa alikuwa mtoto wa mjomba, kijana aliyenizidi mwaka mmoja na urefu wa kichwa kizima. Alikuwa na macho ya mwewe na maringo ya jogoo. Alipopiga hakushangilia, alijipangusa tu vumbi begani, vumbi ambalo halikuwapo. Mimi nilikuwa mtu wa kelele. Nilipopiga niliizunguka kapela nikiruka, na nilipokosa nilimtazama yeye kwa jicho baya kana kwamba ndiye upepo. Tulikuwa tukigombana kuanzia asubuhi mpaka jioni, na jioni tulikula sahani moja tukiendelea.

Sasa, bega la babu lilianza kumsumbua. Akawa anavuta kamba nusu, kisha anaishusha na kujifanya anamwangalia ndege. Kila mtu aliona. Jumapili moja alikaa kwenye kiti chake, akauweka upinde magotini, akatangaza kwamba yeye amemaliza, na kwamba upinde utakwenda kwa mmoja wa wajukuu wawili wanaojua kuutumia. Hapo hapo nilimtazama mtoto wa mjomba, naye akanitazama.

Mjomba hakupenda. Mjomba hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alisukuma baiskeli yenye mabidoni, yaani madumu, ya mawese mpaka soko la Kasongo kila wiki, na hakupita kwetu bila kutuachia chupa moja. Lakini alikuwa mtoto mkubwa wa nyumba ile na aliona mbali. Baba yangu alikuwa mgeni, alitoka Kivu kutafuta dhahabu, akampata mama badala ya dhahabu, na kwa desturi mimi nilikuwa wa kwa baba.

"Mutoto wa dada ni wa kwa baba yake," mjomba alisema mbele yetu sote, kwa upole, jambo lililoniuma zaidi. "Huyu akibeba upinde, upinde imetoka mu hii nyumba. Haitarudi."

Alikuwa anasema kweli. Nilimtazama babu, babu akatazama ngozi ya kenge. Nilitoka nje nikaenda kulia nyuma ya jiko. Nyanya alinifuata, akasema mke mwenzake akilia vile watu watadhani anampiga, na nikacheka katikati ya kilio, ikawa makamasi tu. Niliutaka upinde ule kuliko kitu chochote. Niliutaka kwa sababu ulikuwa mzuri na pia kwa sababu ungesema, bila mtu kubisha, kwamba nami ni wa pale.

Wiki chache baadaye ndipo alipotokea mwalimu wa michezo. Alikuwa kijana mwenye filimbi shingoni hata kanisani, alifundisha shule ya Kasongo, na alikuwa ameona mashindano ya upinde kwenye simu ya mtu. Alisikia habari zetu, akaja kwa pikipiki Jumapili moja kutazama. Siku hiyo tulikuwa tumeshikwa na mori. Magurudumu kumi yalitoka kapela, saba hayakufika kijitoni. Mwalimu alisahau kupuliza filimbi. Alirudi mjini usiku ule ule na kumpigia simu mwenzake wa upande wa Kabambare kwamba ana simba sita, na kama wao wana wapigaji waje wakutane Wamaza. Yule wa Kabambare akajibu kwamba yeye ana chui.

Mwalimu alitueleza kwamba kutakuwa na shabaha, na mwamuzi, na mishale mitatu kwa kila mtu. Tulisikia shabaha, tukaona gurudumu. Hakuna aliyeuliza. Na yeye hakuona haja ya kueleza, maana alifikiri kama mtu yeyote mwenye akili angefikiri: anayepiga kitu kinachokimbia, atashindwaje na kilichosimama?

Babu aliona njia ya kutoka kwenye ugomvi. Alimwita mjomba, akatuita na sisi, akasema mashindano ya Wamaza yataamua. Atakayempita mwenzake kwa shabaha atachukua upinde. Mjomba alikubali kwa sharti moja: tukilingana, upinde unabaki nyumbani, yaani kwa mwanawe. Babu alinitazama. Nikasema sawa, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimevimba kwa zile Jumapili na sikuona namna ya kulingana na mtu yeyote.

Safari ya kwenda Wamaza ingetosha kitabu. Tulikuwa watatu juu ya pikipiki moja: dereva, mtoto wa mjomba, na mimi nyuma, nikiwa nimeushika upinde wa babu kwa kuuweka wima kama bendera, maana alikuwa ametuazima sote wawili tuupigie zamu kwa zamu. Kwenye kila tawi upinde ulinasa, na kila uliponasa nilibaki nyuma. Nilianguka mara mbili kwenye mchanga na mara moja kwenye shamba la mihogo, na dereva hakujua. Alikuwa akiendelea na hadithi yake mpaka mtoto wa mjomba amgonge begani kumwambia mzigo umeshuka. Walirudi kunichukua wakicheka mpaka pikipiki ikazimika. Mjomba, aliyekuja kwa baiskeli tangu alfajiri, alitupita kwa mbali mara tatu, kila mara akitukuta tumesimama.

Kule Wamaza watu walikuwa wamejaa kiwanjani. Wanawake walikuwa wamebandika masufuria makubwa ya wali pembeni, mafiga ya mawe, moshi mtupu. Tulipanga mstari, sita sisi, sita wa Kabambare, tukaangaliana kwa dharau kama inavyotakiwa. Kisha nikatafuta kilima kwa macho, kwa sababu nilitaka kujua gurudumu litatokea wapi. Hapakuwa na kilima. Kulikuwa na kiroba cha mchele kilichoshindiliwa nyasi, kimening'inizwa kwenye miti miwili, chini yake wazi, na mbele kimechorwa miduara mitatu kwa mkaa.

Tulicheka. Naapa tulicheka sisi sote kumi na wawili, simba na chui pamoja. Mmoja wetu aliuliza kama kile kitu kimekufa lini, na chui mmoja akajibu mazishi ni leo. Mwamuzi, mtu mnene aliyevaa koti siku ya jua lile, alitusomea kanuni kutoka karatasi mbili, kisha akalivua koti kwa joto na kulitundika kwenye kijiti hatua mbili kushoto kwa kiroba. Filimbi ikalia.

Simba wa kwanza alipiga. Mshale ulipita kulia kwa kiroba, hatua mbili kamili, ukaenda kuchoma lundo la mihogo iliyoanikwa. Tukampa pole. Wa pili alipiga, kulia, kwenye mihogo. Wa tatu vilevile. Nilianza kuona aibu kwa ajili yao. Kisha zamu yangu ikafika, nikavuta, nikakitazama kile kiroba kimesimama pale kama mjinga, nikaachia, na mshale wangu ukaenda kulia na kutua katikati ya ndugu zake.

Mikono yetu ilikuwa imekwenda kukutana na kitu ambacho hakikuwa kinakuja. Miaka yote tulijifunza kutangulia mbele, na sasa mwili ulikataa kuamini kwamba kuna kitu duniani kinachokaa mahali pake.

Tungekufa kwa aibu, lakini Mungu ana huruma, maana chui walikuwa bado. Wa kwanza wao alijinyoosha, akavuta kwa mbwembwe, na mshale wake ukapita kushoto. Wa pili kushoto. Wa tatu kushoto, karibu na koti la mwamuzi. Kumbe kwao pia wanabingirisha mgomba, ila kilima chao kinateremka kutoka kulia! Mzunguko wa kwanza ulipoisha, mishale sita ilikuwa imesimama kulia, mishale sita kushoto, na kiroba katikati hakina hata mkwaruzo. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama mmoja aliyekuwa akikoroga wali alijifunika uso kwa kikwembe na mwiko ukaungulia ndani. Walimu wawili wa michezo walikuwa wamesimama bega kwa bega, hawaangaliani.

Mimi sikuweza kucheka tena. Nilikuwa nimemwona mjomba akitabasamu kidogo, akipangusa tandiko la baiskeli yake. Tulikuwa tumelingana, sifuri kwa sifuri.

Mzunguko wa pili watu walijitahidi kuirekebisha mikono yao, ikawa vibaya zaidi. Mmoja alipiga ardhi mbele ya miguu yake. Chui mmoja alipata duara la nje, na Kabambare nzima ikamrukia. Mtoto wa mjomba alivuta, akalenga muda mrefu mno, na kiroba kikalia: amepiga, duara la pili! Mpaka leo anasema alilenga. Mimi nilikuwa nyuma yake na ninasema alipiga chafya. Alijipangusa bega. Upinde ukaja mikononi mwangu ukiwa na joto lake, na nikajua nikikosa tena nimekwisha.

Hapo ndipo nilipolitazama koti la mwamuzi. Lilikuwa hatua mbili kushoto. Na mkono wangu ulikuwa na kosa la hatua mbili kulia. Basi nikaacha kabisa kuhangaika na kiroba, nikalilenga koti, kifungo cha katikati, nikauachia mkono ufanye ujinga wake. Chubwi! Duara la pili, kama yeye. Nilikimbia kuzunguka uwanja mzima, kapela haikuwapo, nikazunguka masufuria.

Kelele zangu ndizo zilizoniponza. Nilikuwa nikimsimulia kila mtu kwa sauti jinsi nilivyolilenga koti, na mwenye koti alikuwa na masikio. Kabla ya mzunguko wa mwisho alilitoa kwenye kijiti, akalivaa na jua lile lile, akafunga vifungo vyote na kwenda kusimama nyuma ya mti. Sikubaki na kitu cha kulenga. Mchonga mwiko, wanasema, hukimbiza mkonowe. Mimi nilikuwa nimechonga mdomo, na sikukimbiza kitu.

Mzunguko wa tatu zamu ziligeuzwa, chui wakaanza na mimi nikawekwa wa mwisho. Wote walikosa. Yule chui alikosa. Mtoto wa mjomba alipiga bila chafya, akakosa, kulia, kwenye mihogo. Nikabaki mimi peke yangu. Nikipiga nimewashinda wote na upinde ni wangu. Nikikosa tumelingana, na upinde unabaki kwa mjomba. Niliuweka mshale kwenye kamba. Kiroba kilikuwa pale pale. Nilitafuta mahali pa kulenga hewani, hatua mbili kushoto, na hewa ni hewa, haina kifungo.

Ndipo nilipomwona mtoto wa mjomba akitoka mstarini. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye masufuria, akainua kifuniko cha sufuria kubwa kuliko zote kwa mkono mtupu. Wanawake walimpigia kelele, mvuke ukamfunika uso. Nilimwona akikunja uso kwa moto. Akaenda nacho mbio upande wa kushoto wa uwanja, mbali kabisa na mstari wa mishale, akakisimamisha kwa ubavu wake, akanitazama.

"Inakuja," alisema, kama alivyosema kila Jumapili kule kapela.

Akakibingirisha. Kifuniko kilitoka kikiyumba, kikajinyoosha, kikaja kikimeta kutoka kushoto kwenda kulia, vizuri, kimenyooka, bila kuangukia ubavu. Sikufikiri. Sikuona kiroba tena. Niliona kitu kinakwenda, na mkono wangu ukaenda kukisubiri kule kinakokwenda, na kule kinakokwenda kulikuwa na kiroba. Kifuniko kilipita chini yake wakati huo huo mshale ulipozama juu, ndani ya duara dogo la katikati.

Sikuruka. Nilikaa chini mchangani nikawa nacheka na kulia pamoja.

Ukazuka mjadala. Mwamuzi alizisoma karatasi zake mbili, mbele na nyuma, akitafuta kifuniko cha sufuria. Hakikuwamo. Akawauliza Kabambare kama wana malalamiko. Kiongozi wao, mzee mwembamba ambaye alikuwa amekosa mara tatu kushoto, alisema kwao pia mshindani ndiye anayebingirisha, na kwamba wao walikuwa wakijiuliza tangu asubuhi kwa nini hakuna aliyefanya hivyo. Mwalimu wetu alipuliza filimbi mpaka ikatoa mate. Tulikula wali ule pamoja, wenye moshi na harufu ya kuungua, na sijala wali mtamu kuliko ule.

Mjomba hakula. Alikwenda kumchukua mwanawe pembeni, mimi nikawafuata, na sikujificha. Mtoto wa mjomba alikuwa akivipuliza vidole vyake, ngozi imeanza kuinuka. Mjomba alimwuliza kama anajua alichofanya. Akajibu anajua. Akamwuliza kama hakuutaka upinde. Kwa mara ya kwanza nilimwona kijana yule macho yamemjaa machozi. Aliutaka. Aliutaka kama mimi.

"Sasa kwa nini ulibingirisha?"

"Nilikuwa nishamaliza kupiga, baba," alisema. "Ilikuwa zamu yangu."

Mjomba akavishika vile vidole vilivyoungua, akavigeuza, akaenda mwenyewe kwa wanawake kuomba mawese. Alimpaka kidole kimoja kimoja. Alipomaliza alinyoosha mkono kwangu, nikampa upinde, na nikadhani amebadili nia. Akaufunga juu ya baiskeli yake, mahali pa mabidoni, kwa uangalifu mwingi.

Siku ya pili tulifika kijijini. Babu alikuwa kwenye kiti chake, nyanya karibu naye akipepeta mchele. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo yote kwa mpigo, lakini babu hakuuliza nani alipiga. Aliuliza nani alibingirisha. Mjomba akamwelekeza mwanawe kwa kidevu, na babu akatikisa kichwa kukubali, polepole, mara nyingi.

Kisha mjomba, mtoto mkubwa wa nyumba ile, aliufungua upinde kwenye baiskeli. Hakumpa babu anipe. Aliuleta mwenyewe mpaka nilipokuwa nimesimama, akauweka mikononi mwangu.

"Beba," alisema. "Lakini Jumapili unaileta, huyu akubingirishie."